Watoto Kambini, Wazazi Bembeani

Brussels, mwisho wa Julai

Mama, Papa, na nyote wa parseli yetu pale Kadutu, Bukavu,

Salamu kwanza. Yaya, wewe mkubwa wetu, pokea zako. Shangazi wa Bagira, pokea zako pamoja na za goti lako, tunaliombea. Tonton, zako utazikuta huko chini, kwa sababu ulichoandika kwenye kikundi cha familia hakistahili salamu za mwanzo wa barua. Sisi huku tuko wazima. Mvua inanyesha mwezi wa saba, jua linazama karibu saa nne usiku, na kazi inaendelea.

Mama, kwenye sauti yako ya Jumapili ulisema kwamba habari za vita, za bei ya unga na za barabara mnazo za kutosha hapo, hamna haja ya kuongezewa nyingine kutoka Ubelgiji. Nikuletee kitu cha kukuchekesha. Nimetii. Na kwa kuwa nusu ya hadithi yenyewe mmekwisha kuipata kwa watu wasiohusika, afadhali muipate nzima kwa mhusika. Ndiyo, mimi na mama watoto tulikwenda kwenye bustani ya michezo ya watoto. Ndiyo, watoto hawakuwepo. Na hapana, Tonton, hatujaachana, hakuna aliyerukwa na akili, na hakuna mchungaji aliyetutuma.

Nianze na watoto wenyewe, maana wote mliuliza hilo kabla ya kuuliza kama tumefika salama.

Watoto walikuwa kambini. Huku mtoto akijiunga na skauti, Julai anakwenda kambi kubwa. Wanapelekwa Ardennes, kusini kwenye vilima na misitu, mkulima mmoja anawakodisha malisho yake, na hapo wanaanza maisha. Sasa sikilizeni maisha yenyewe, na Papa akae kwanza. Wanalala kwenye mahema, na wengine hulijengea hema lao jukwaa la magogo ili libaki juu ya ardhi. Wanachimba choo cha shimo. Wanapasua kuni. Wanapika kwa moto wa kuni, sufuria inakuwa nyeusi, na wanaisugua wao wenyewe. Maji wanayafuata kwa bidon. Simu wanaziacha nyumbani. Na kwa maisha haya, Mama, mzazi analipa. Analipa mapema, kwa benki, na akichelewa anaandikiwa barua ya kumkumbusha, yenye adabu kubwa.

Karatasi ya kambi ilitaja vitu vya kuleta: tochi, buti, mfuko wa kulalia, sahani ya chuma, soksi nyingi. Niliisoma nikaigeuza nyuma, nikitafuta mahali walipoandika godoro. Mama watoto aliichukua, akaisoma polepole hadi mwisho, akauliza kwa ile sauti yake ya chini mnayoijua: “Sasa Kadutu tuliiacha kwa nini?”

Wewe Mama nilipokueleza ulisema ningekuletea wewe hao watoto. Kuni ziko, bidon ziko, choo cha shimo kiko, na humdai mtu kitu. Niliufikisha ujumbe wako kwa kijana anayewaongoza. Ni kijana mwenye ndevu chache anazozitunza sana, na wenzake wanamwita kwa jina la mnyama, maana kwa skauti wa huku kila mtu hupewa mnyama wake. Alicheka sana. Kisha akaacha kucheka, akauliza unaweza kupokea wangapi.

Basi watoto wakaondoka. Nyumba ikanyamaza hadi friji ikaanza kusikika. Tulianza kwa kulala. Tulipochoka kulala tukafagia. Tulipomaliza kufagia tukakaa sebuleni tukitazamana, watu wawili ambao kwa miaka wamezungumza juu ya viatu vinavyobana, daktari wa meno, na nani anamchukua nani saa ngapi. Na sasa hapakuwa na wa kuchukuliwa.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa Bukavu halioni kwa kuwa anaishi ndani yake. Pale nyumbani wazazi kutoka bila watoto si habari. Mnakwenda harusini, mnakwenda matangani, Papa anakaa na wenzake na bia yake ya Primus kuanzia misa inapotoka hadi giza linapoingia, na hakuna anayewauliza watoto wako wapi. Jibu linajulikana: wapo. Wapo kwa koko yao, wapo kwa jirani, wapo barabarani na mpira wao wa makaratasi, na yeyote anayepita ana ruhusa ya kuwagombeza. Huku kila saa ya kuwa mbali na mtoto ina mwenyewe na ina bei. Kuna msichana wa kulipwa kwa saa, ukibahatika kumkuta hana mtihani. Kuna kituo cha baada ya shule, kinachofungwa kwa kuangalia dakika. Kuna kambi. Ndiyo maana Mbelgiji akipata siku isiyo na watoto haiachi ipite hivihivi. Anaiandikia programu, anaikatia tiketi, anaipiga picha.

Programu yetu iliandikwa na mama watoto, na ilikuwa na mstari mmoja: Walibi.

Walibi mnaijua kutoka kwenye zile picha tulizowatumia, watoto wakiwa wamening’inia vichwa chini miguu juu, na sisi hatuonekani. Hatuonekani kwa sababu tuko chini tumeshika makoti. Hiyo ndiyo kazi ya mzazi katika bustani za namna hii. Anashika makoti, anashika mfuko wa mikate, anashika soksi zilizolowa, anashika dubu wa manyoya aliyeshindaniwa kwa pesa ambazo zingenunua dubu watatu dukani, na kwa mkono uliobaki anapiga picha. Mlangoni amelipa tiketi sawasawa na ya mtu mzima anayepanda, ili aingie kusimama. Mama watoto alisema amesimama vya kutosha. Alitaka kujua watoto wanapigia kelele nini huko juu.

Na msidhani ni sisi tu wenye malalamiko haya. Walt Disney mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba wazo la bustani yake lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika Griffith Park, Los Angeles, akila karanga huku binti zake wakizungushwa kwenye farasi wa mbao. Aliona mambo hayaendi sawa: watoto wanacheza, baba anatafuna. Kwa nini pasiwe na mahali pa kucheza wote? Akafungua Disneyland huko Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Tangu siku hiyo mamilioni ya wazazi wameendelea kukaa kwenye benchi vilevile, ila karanga zimepanda bei.

Sasa tuje kwenye kikundi cha familia. Mama watoto alituma picha asubuhi tukiwa ndani ya treni, midomo imepakwa rangi, miwani ya jua kichwani, na chini yake akaandika tunakokwenda. Hatukuwa tumefika Ottignies, mahali pa kubadilisha treni, Kivu nzima ilikwisha kujibu. Shangazi: watoto wako wapi? Yaya: nani anaumwa? Mkwe wangu wa Uvira alituma sauti ndefu ambayo nusu yake ni kuguna. Binamu wa Nguba alitupongeza kwa ndoa. Na Tonton, wewe ambaye salamu zako sasa nakupa, salamu sana, uliandika kwamba mtu mzima kupanda bembea ni dalili, ukashauri tufunge na kuomba kabla hali haijawa mbaya. Mama watoto alisoma ujumbe wako kwa sauti. Abiria wa kiti cha mbele, ambaye sikumdhania kujua Kiswahili, alicheka hadi akatuomba radhi. Ni mtu wa Goma.

Kutoka Ottignies unapanda treni ndogo ya kwenda Leuven, na inasimama kwenye kituo kinachoitwa Bierges-Walibi. Umesikia vizuri, Papa. Bustani ya bembea ina kituo chake cha treni. Bukavu yetu, iliyoitwa Costermansville enzi za ukoloni na kuahidiwa makubwa tangu wakati huo, haijawahi kuona reli hata ya kupimia. Hapa nimekuachia nafasi ya kusema unayosemaga.

Jina lenyewe wameliunga kutoka sehemu tatu, Wavre, Limal na Bierges. Bustani ilifunguliwa 1975, na nembo yake ni kangaruu, mnyama asiye na ndugu wala jamaa Ubelgiji nzima, lakini hajawahi kuombwa hati ya kuishi. Bei ya tiketi siitaji. Papa ana presha.

Chakula tulibeba. Mama, zile sambaza kavu ulizotuma na yule mama aliyepita Kigali, zimekwisha, na zimekwisha kwa heshima. Tulizikaanga usiku na kitunguu na pilipili, tukaziweka kwenye bakuli la kufungwa, tukalifunga ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya mfuko. Haikusaidia. Katika treni watu walianza kuangaliana. Mimi nilitazama dirishani nikijiambia kwamba samaki hawa wa sambaza nao ni wahamiaji: walitolewa Tanganyika wakaletwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaonekana wageni, na leo hakuna anayekumbuka ziwa lilikuwaje bila wao. Wakipewa muda, hata Wabelgiji watazoea harufu yao.

Mlangoni msichana wa tiketi alitutazama, akatazama nyuma yetu, kisha akashusha macho kwenye kimo ambacho watoto husimama. “Wawili tu?” Mama watoto alijibu “wawili tu” akiwa ameshatoa vitambulisho vyote viwili, kwa mazoea ya mtu aliyevuka sana mpaka wa Ruzizi.

Ndani nilishangaa. Nilidhani tutakuwa kioja, kumbe tumejikuta katika kundi. Kulikuwa na vijana waliokuja wawili wawili. Kulikuwa na wanawake wa ofisi moja wamevaa fulana za kufanana. Kulikuwa na mzee wa nywele nyeupe na mkewe, wana tiketi ya mwaka mzima, wanakuja kupanda Loup-Garou, ile treni ya reli ya mbao iliyojengwa 2001, wakishuka wanakunywa kahawa wanarudi kwao. Mzee ana daftari. Treni zote za namna hii alizowahi kupanda Ulaya ameziandika humo, kila moja na tarehe yake, na alizungumza juu ya zile za Ujerumani kwa sauti ya kanisani. Alipotuuliza wajukuu wetu wako wapi ndipo mama watoto alipovuta ile miwani kichwani akaishusha machoni.

Tulianzia kwenye treni kubwa kuliko zote, kwa sababu mama watoto hana tabia ya kuonja. Inaitwa Kondaa. Ilifunguliwa Mei 2021, inapanda mita 50 na inafika kasi ya kilomita 113 kwa saa. Ilipoanza hapakuwa na inayopanda juu wala ya mbio kuliko hiyo Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Na mnajua wameiweka wapi? Katika sehemu inayoitwa Exotic World, na mapambo yake ni ya Afrika.

Tulisimama kwenye foleni katikati ya Afrika hiyo, Waafrika wawili, tukiikagua. Ni Afrika safi sana. Haina matope, haina bango la kanisa, haina anayeuza kadi za simu, haina motari anayekuita “mukubwa” huku akikukanyaga. Mtoto mmoja mzungu aliyatazama mapambo, akatutazama sisi, akayatazama tena mapambo. Mama watoto akainama akamwambia kwa Kifaransa: “Hapana, mpenzi. Hata sisi ni wageni hapa.”

Nilimwambia mama watoto kwamba tumepanda cheo, akaniuliza cheo gani, nikamkumbusha. Mwaka 1897 Leopold II aliagiza Wakongo 267 waletwe Tervuren, hapahapa jirani na Brussels, wakajengewa vijiji ndani ya bustani, na Wabelgiji wakaja kwa wingi kuwatazama. Wageni waliwarushia vyakula hadi watu wakaumwa, ikabidi liwekwe bango la kuwaambia kwamba hao wanalishwa na waandaaji. Saba walikufa, na makaburi yao yako kandokando ya kanisa la Tervuren hadi leo. Mwaka 1958, wakati wa maonyesho makubwa yaliyoacha lile jengo la Atomium, wakajenga kijiji cha Kongo tena, na wenzetu waliokaa humo kufanya kazi za mikono mbele ya umati walichoka kuchekwa na kurushiwa vitu, wakadai kurudishwa kwao kabla maonyesho hayajaisha. Miaka miwili baadaye tukapata uhuru.

Sasa tuko nje ya ua, tiketi mkononi, tunakula sambaza. Na wanaotazamwa ni wao: Wabelgiji wamefungwa kwenye viti, nywele zimesimama, wanalia kwa sauti wakimwita mama yao, tena wamelipia. Niliona ni haki yangu kuwarushia angalau ndizi moja. Mama watoto akanikataza. Ndizi zetu zilikuwa zimehesabiwa.

Zamu yetu ikafika. Alijifunga kitenge kichwani kwa mafundo ya mtu anayehama, maana nywele zake za bandia alizinunua mtaa wa Matonge, tena si kwa bei ya kutupa. Kikaja chuma kikatubana mapajani. Nilisubiri kije kingine cha kubana mabega. Hakikuja. Hicho kilikuwa ndicho chote.

Treni inavutwa juu polepole, na hapo ndipo ukatili ulipo, kwa sababu wanakupa nafasi ya kufikiri. Niliona mashamba, nikaona paa za Wavre, nikaona barabara kuu ya E411 na magari yakienda Namur, ndani yake watu wenye akili. Nikafikiria mkopo wa nyumba. Kisha ikafika kileleni, ikaachiwa.

Kuanzia hapo hakuna injini, Papa, wewe uliyekuwa fundi utapenda hili. Hakuna kinachoisukuma. Ni uzito wake wenyewe unaoshuka, na nguvu ya kushuka ndiyo inayoipandisha mlima unaofuata, ambao ni mfupi kidogo, kisha mwingine mfupi zaidi, mpaka deni lote limelipwa. Na kila inapopita juu ya mgongo wa kilima, treni inaanguka na wewe unaanguka kwa mwendo uleule, kwa hiyo kiti kinaacha kukubeba. Makalio yanatengana na kiti. Tumbo linabaki nyuma likikutafuta. Wenyeji wanaita hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwangu mimi ilikuwa lori la Uvira linaloteremka mlima wa Ngomo breki zimekufa, ila hapa hakuna mfuko wa samaki wa makayabu wa kukumbatia.

Mama watoto alisali. Alisali kwa Mashi, kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, na naapa kwamba tangu Bashi wawepo duniani Mashi haijawahi kupita mahali kwa kasi ile. Tulipofika chini alikuwa katikati ya Salamu Maria ya tatu na hakukubali kushuka mpaka aimalize. Kijana wa kiti cha mbele aligeuka akamwuliza wimbo ule unaitwaje, maana ni mzuri.

Pale unapotokea kuna kibanda wanakuuzia uso wako. Mashine inakupiga picha wakati wa kuanguka bila kukuuliza. Tulinunua. Iko kwenye friji sasa. Mimi nimefumba macho, mashavu yameelekea Luxembourg. Yeye ameinua mikono yote miwili, mdomo wazi, kitenge kimeinuka, na sura yake ni ya yule msichana wa kwaya ya parokia ya Kadutu niliyekuwa namchungulia badala ya kusoma zaburi.

Akasema anarudi. Nikamwambia aende, mimi nitamsubiri chini. Akanipa koti.

Akapanda tena, na tena. Nilikula sambaza zilizobaki, nikajikuta nafikiria yeye ni nani. Ni mtoto wa kwanza kwao Cimpunda, mnawajua. Kabla meno yake ya utoto hayajaisha kung’oka alikuwa na mdogo wake mgongoni na bidon mkononi. Huyo alipoanza kutembea akapewa aliyefuata. Walipokwisha wadogo zake akaolewa, wakaja wetu. Maisha yake yote hakuna siku aliyokwenda mahali ambapo hapakuwa na mtoto wa kushikwa, na wenzake walipokuwa wakicheza yeye alikuwa anashika, kabla hajajua kwamba kuna nchi ambako watu hushika makoti. Ninyi mliotuandikia “watoto wako wapi” mlikuwa mnamwuliza mtu aliyeanza kuulizwa hivyo akiwa yeye mwenyewe mtoto. Nikaacha kuhesabu mizunguko yake. Nikashika koti vizuri.

Tulirudi na treni ya jioni. Alilala begani mwangu mdomo wazi, nywele za Matonge zikiwa zimehama mahali pake kidogo, na sikumwamsha Ottignies mpaka dakika ya mwisho.

Watoto nao wamesharudi. Wananuka moshi, kucha nyeusi, mkubwa ana malengelenge ya shoka na anayaonyesha wageni. Wa pili alituhutubia mezani juu ya kuchota maji: namna ya kubadilisha mkono, namna ya kutojimwagia miguuni. Mimi na mama yake tulisikiliza kwa makini, tukauliza maswali. Kitinda mimba amejifunza kuwasha moto kwenye mvua na sasa analitazama jiko letu la umeme kwa dharau. Amani ilidumu mpaka mmoja alipokwenda kuchukua maziwa akaiona picha kwenye friji.

Mama, ungewasikia. Mkubwa, ambaye mwaka mzima hatembei na sisi upande mmoja wa barabara asije akaonekana, alisema ameumizwa sana. Wa pili aliuliza kama tulipanda Kondaa, na aliposikia mama yake alirudia, akakaa kimya kwa heshima. Kitinda mimba alituuliza, macho yamejaa machozi: “Sasa makoti yenu alishika nani?”

Sasa tumalize na mambo ya kazi.

Shangazi, dawa ya goti nimeipata, itakuja na mtu. Yaya, wewe una kazi kubwa, soma vizuri. Nimetuma hela kwenye simu yako, na mama watoto ameongezea kutoka mchango wake wa likelemba. Si ya shule, si ya unga, si ya kodi, si ya mgonjwa, na si ya matanga ya mtu yeyote, hata akifa kesho. Ni ya Mama na Papa. Siku mji ukiwa umetulia, wavae vizuri, wachukue taksi nzima peke yao, washuke kando ya ziwa upande wa Nguba, wakae kwenye viti vya plastiki, waagize samaki mzima kwa kila mmoja. Papa apewe Primus mbili na asiulizwe. Mama apewe chochote kitakachotajwa na mdomo wake.

Masharti ni haya. Wajukuu wote wanabaki kwako, Yaya, na wa jirani pia wakija. Sisi sote tumepumzika miaka hii yote kwa sababu kulikuwa na mtu wa kutushikia, na mtu huyo ni mmoja, na hajawahi kuketi. Ninajua Mama atasema hana njaa. Ninajua atasema kuku nani atawafungia. Ninajua atatafuta kisingizio cha kumchukua mdogo kuliko wote kwa sababu ana mafua. Mkatalie. Nitumie picha wakiwa mezani, na mgongo wake uonekane. Nikikuta kuna kitenge kimefungwa hapo na vidole vya miguu vinachungulia, hela unarudisha.

Mtoto wenu wa Brussels